Jina Nyuma ya Picha

Kila asubuhi Vaileth hufungua kibanda chake cha ushonaji kando ya barabara kuu, hapa Mikumi. Hufuta vumbi kwenye cherehani, kisha humtolea mama yake kiti. Mama yake anaitwa Elizabeti, na ana miaka sabini na tisa. Hukaa mlangoni na kikombe chake cha uji, akitazama malori yanayokwenda Iringa. Watu wakimwamkia, "Shikamoo mama," huitikia, "Marahaba. Wote hawajambo huko Munisagara?" Hakuna anayemsahihisha, maana wote wamezoea.

Munisagara ndiko kwao, kando ya reli. Marehemu mume wake, Thadeo, alikuwa mfanyakazi wa reli. Ujanani alinunua kamera, na watu walimcheka sana. Kamera ya nini kwa mtu ambaye nyumba yake bado ya nyasi? Thadeo aliendelea tu. Alipiga picha za harusi, za kipaimara, za mavuno na za watoto wa jirani. Na alikuwa na tabia moja ambayo hakuiacha mpaka anakufa. Kila picha aliigeuza, akaandika nyuma yake kwa wino: huyu ni nani, hapa ni wapi, mwaka gani.

Kisha ukaja mwaka ule wa mvua kubwa, mto ukaingia majumbani. Vaileth alikwenda kumchukua mama yake, akamkuta kwa jirani, mzima, lakini sanduku la picha lilikuwa limelala majini siku mbili chini ya kitanda. Wakazianika picha kwenye mkeka, moja moja. Nyingi sura zilibaki. Vaileth akazigeuza. Nyuma kulikuwa na doa la bluu tu. Mwandiko wa baba yake wote ulikuwa umekwenda na maji.

Alihamia Mikumi na mama yake, na sanduku lake, na uchungu wake. Akajiambia, majina bado yapo, yako kichwani mwa mama. Nitayatoa humo kabla hayajapotea.

Hapo alifikiri vizuri. Njia aliyochukua ndiyo iliyomponza, nami sitamficha.

Alizipiga zile picha upya kwa simu yake, zikawa mia nne na kumi na mbili. Akaweka kwenye simu programu moja ya picha, aliyoipenda kwa sababu ilikuwa na rangi nzuri na ilikuwa rahisi. Ukigusa sura ya mtu, inakupa nafasi ya kuandika jina. Basi kila Jumapili baada ya ibada, mama na binti walikaa pamoja. Mama anataja, binti anaandika.

Jumapili moja Elizabeti alitulia kwenye sura ya mtoto mmoja wa kike.

"Huyu ni Ida," alisema.

Vaileth hakuwahi kumwona Ida. Alikuwa dada yake, mtoto wa kwanza wa mama yake, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka minne, kabla Vaileth hajazaliwa. Nyumbani alitajwa mara chache sana. Vaileth hakujua hata kama kuna picha yake. Aliandika "Ida", akafuta machozi, akaenda kwenye picha inayofuata. Hakuiangalia kwa muda mrefu. Ya nini? Simu ilikuwa imeshika jina.

Mwezi mmoja baadaye simu ilianguka kutoka juu ya cherehani, ikagonga sakafu ya saruji, ikazima moja kwa moja. Fundi simu alichomoa memori kadi, akaiweka kwenye simu nyingine.

"Una bahati," alisema. "Picha zako zote hizi hapa."

Vaileth alizipitia. Kweli, zote zilikuwapo.

"Na majina yako wapi?"

"Majina gani tena, mama?"

Hakukuwa na jina hata moja. Kwenye zile picha watoto wa kike wadogo walikuwa kumi na tisa, wengi wamesimama vile vile, wamenyolewa vile vile. Mmoja wao alikuwa Ida. Vaileth hakuweza kusema ni yupi.

Alimrudia mama yake. Jumapili ya kwanza Elizabeti aligusa mtoto mmoja, akasema ndiye. Jumapili ya pili akagusa mwingine. Ya tatu alizitazama zote kwa adabu, kama mgeni anayeonyeshwa picha za ukoo usio wake, akauliza, "Hawa ni watoto wa nani?"

Hospitali walikuwa wameshamweleza Vaileth. Mama yake hakurogwa, wala hafanyi makusudi. Ni ugonjwa wa kusahau unaowapata baadhi ya wazee, nao huzidi polepole. Vaileth alielewa. Lakini aliogopa sana. Mama yake akifika mwisho wa kukumbuka, Ida atakuwa hana sura tena duniani.

*

Salome alimkuta katika hali hiyo. Salome ni jirani yao, binti wa miaka kama thelathini, anayefanya kazi na watafiti wa wanyama huku mbugani. Alileta sketi ipunguzwe kiuno.

"Mama Imani, kuna msiba?" aliuliza, maana Vaileth hujulikana kwa jina la binti yake, Imani.

"Hakuna aliyekufa leo, mdogo wangu. Kaa."

Akamsimulia yote. Salome alisikiliza mpaka mwisho, sketi mapajani.

"Kazi yangu ni hiyo hiyo," alisema. "Tumefunga kamera kwenye miti. Mnyama akipita, inampiga picha. Mimi nazipanga na kuziwekea lebo, maelfu kwa maelfu. Mnyama gani, wapi, lini. Chui wengine tunawajua mmoja mmoja kwa madoa yao, na kila mmoja ana jina lake kwenye picha."

Vaileth aliichukua ile sketi.

"Kwa hiyo chui ana jina, na dada yangu hana."

Salome aliinamisha macho. Baadaye alisema, "Dada, nikuulize. Mzee wako aliandika majina kwenye daftari?"

"Hapana. Nyuma ya picha yenyewe."

"Basi mzee alijua. Ile programu yako haikuandika kwenye picha. Iliandika kwenye daftari lake yenyewe, na daftari lilikuwa ndani ya simu. Simu ikafa nalo. Fundi alikutolea picha, na picha zilikuwa tupu."

"Sasa picha ya kwenye simu nitaiandika wapi? Ina nyuma hiyo?"

"Inayo. Huioni kwa macho, lakini ipo. Faili la picha lina nafasi ya kuhifadhi jina la mtu, mahali, tarehe, hata maelezo. Ukiandika humo, picha ikienda kwa ndugu yako kule kijijini Tindiga, maneno yanakwenda nayo. Kuna programu zinazoandika humo, na kuna zisizoandika. Wewe ulichagua kwa rangi."

Maneno yale yalimchoma Vaileth.

*

Jumamosi Salome alikuja na flashi yenye programu tatu. Wakawasha kompyuta ya zamani ya Imani, ambaye yuko chuoni Morogoro.

"Majina ya programu sikukaririshi," Salome alisema. "Kila mwaka zinakuja nyingine. Nitakufundisha kuzijaribu. Chukua picha moja. Andika jina. Inakili kwenye flashi. Kaifungue kwenye kompyuta nyingine kabisa. Jina likifika, programu hiyo inafaa kufikiriwa. Lisipofika, iache hata kama inakubembeleza."

Kompyuta nyingine ilikuwa jirani, kwenye stesheneri ya Godfrey, watu wanapotoa fotokopi. Vaileth alivuka na flashi mkononi.

Programu ya kwanza ilikuwa na akili ya ajabu. Ilitambua sura zenyewe na kuzikusanya. Vaileth aliipenda papo hapo. Lakini ilitaka intaneti, na ilituma picha mbali, kwenye kompyuta za kampuni yake. Na kwa Godfrey, jina halikuonekana.

"Lakini ni nzuri," Vaileth alisema.

"Nzuri, sikatai. Jina limefika?"

"Halikufika."

"Halafu humu kuna sura za nusu ya Munisagara. Umewauliza kama wanataka zipelekwe huko?"

Wakaendelea.

Programu ya pili ilifikisha jina. Salome akamsomea masharti yake. Ilikuwa ya kujaribu kwa siku thelathini. Zikiisha inajifunga, na haikueleza utaitoaje kazi yako. Wakaiacha.

Ya tatu ilikuwa na sura ya kawaida tu, haina mapambo. Ilikuwa ya bure, na haikuhitaji intaneti. Vaileth akaandika, akanakili, akavuka kwa Godfrey. Akarudi akitikisa kichwa.

"Nayo ni vile vile."

"Usikate tamaa kwanza." Salome alifungua sehemu ya mipangilio. "Ona hapa. Kuna kisanduku kinachouliza kama majina yaandikwe ndani ya picha yenyewe. Hakikuwekwa tiki. Watu wengi wanapitiwa hapa. Weka."

Vaileth aliweka. Akavuka barabara mara nyingine. Godfrey alifungua picha, akasoma kwa sauti, "Elizabeti. Munisagara."

Vaileth alimwomba asome tena.

Jioni hiyo walikubaliana maneno ya lebo, machache, na kila moja liandikwe kwa namna moja siku zote. Ukiandika "kipaimara" leo na "kipa imara" kesho, kompyuta itadhani ni mambo mawili. Mtu, mahali, tukio. Hayo yalitosha.

"Na Ida?" Vaileth aliuliza. "Mama alinionyesha huyu, Jumapili ile ya kwanza. Niandike?"

"Una uhakika?"

"Sina."

"Usiandike basi. Ukimpa mtoto wa watu jina la Ida, nani atakuja kulisahihisha? Weka 'haijulikani'. Siku ukijua, utabadilisha."

Ilimuuma kuandika neno lile. Aliliandika mara kumi na tisa.

*

Wiki zilipita. Vaileth aliweka lebo kwa yale aliyoyajua mwenyewe. Kanisa alilijua. Stesheni aliijua. Kofia ya askofu haihitaji kuulizwa. Siku mama yake alipokuwa mchangamfu aliongeza majina mawili matatu, na siku nyingine hawakuongeza kitu.

Asubuhi moja Vaileth alikuwa anashona gauni la mtoto, lenye mikono ya puto. Mama yake alikuwa kitini pake, anatazama.

"Mkono huo umezidi," Elizabeti alisema.

"Upi, mama?"

"Wa kushoto. Nilikosea hivyo hivyo gauni la Ida. Mkono mmoja mkubwa. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na askofu anakuja kesho yake. Nikamvalisha hivyo hivyo."

Mguu wa Vaileth ulisimama kwenye pedali. Hakutaka kumshtua. Aliinuka taratibu, akaileta kompyuta, akaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Akachagua lebo "askofu". Kati ya picha mia nne na kumi na mbili zilibaki ishirini na tatu. Akaongeza "watoto". Zikabaki tano.

Ya nne ilikuwa na watoto watatu wa kike mbele ya mlango wa kanisa, askofu nyuma yao. Vaileth alizipitia nguo zao kama fundi. Gauni la kwanza lilikuwa sawa. La tatu lilikuwa sawa. La katikati, mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kuliko wa kulia.

Aliikuza picha, akamgeuzia mama yake.

Elizabeti alitazama kwa muda mrefu. Kidole chake kiliupita uso wa mtoto, kikaenda kutua kwenye ule mkono wa gauni.

"Nilimwambia asimame upande, usionekane," alisema. "Hakusikia."

Kisha akaongea kwa Kisagara, lugha ya kwao, polepole, na yule mtoto. Vaileth alilia waziwazi, hapo hapo kibandani, na mteja aliyekuwa anaingia akarudi nje.

Alifuta "haijulikani". Akaandika: Ida Thadeo. Mtoto wa kwanza wa Elizabeti. Munisagara, siku ya askofu. Gauni alishona mama yake. Akaenda kwa Godfrey kuhakikisha. Halafu akanakili picha zote kwenye flashi mbili, maana hakusahau maji yaliufanyia nini wino wa baba yake. Moja ilikwenda kwa mdogo wake wa kiume, Elikana, kule Tindiga, naye siku ilipofika alipiga simu kusema majina yote yanaonekana. Nyingine imo kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni. Kila baada ya miezi michache Vaileth huifungua kuona kama bado ni nzima.

Sasa ni mwaka mwingine. Elizabeti amesahau mengi. Kuna siku humwita Vaileth "dada", na Vaileth huitika. Lakini picha anazipenda bado. Juzi alisimama kwenye moja.

"Huyu mtoto wa nani?"

Vaileth hakumuuliza kwa nini amesahau. Alifungua maelezo, akamsomea neno kwa neno, kama baba yake angesoma nyuma ya karatasi.

Mama yake alisikiliza.

"Elizabeti ndiye aliyeshona?"

"Ndiye, mama."

"Mkono mmoja umezidi."

"Umezidi, mama."

Elizabeti aliangalia tena, akatabasamu.

"Lakini Ida kapendeza," alisema.