Asekon Alamba Mawe

Watoto, toeni ndimi. Haya, zirudisheni ndani. Leo tutazihitaji.

Asekon ana miaka sita. Anaishi Turkana, kwenye jua kali na mawe mengi. Kazi ya mama yake ni kutafuta mifupa ya kale.

Mfupa wa kale hufanana na jiwe. Basi Mama hulamba, aone kama utanata ulimini.
Jiwe huteleza. Mfupa hunata.

Leo Asekon ameona kitu mchangani. Akakilamba. Nap! Kikanata.

"Mama, nimepata mguu wa farasi wa kale."

Mama akaupiga brashi. Fya, fya, fya. "Huu ni wa punda milia, mwanangu. Mifupa hiyo tunayo tele. Tuuache."

"Umejuaje, Mama?"

"Punda milia ana kidole kimoja tu kila mguu, chenye ukwato. Farasi wa kale alikuwa na vitatu. Kikubwa katikati, vidogo pembeni. Hapa naona kimoja."

Piii! Piii! Dereva wao, Ekidor, anawaita kwa honi. Gari linaondoka.

Mfupa utabaki. Mvua ikija, utakwenda na maji. Moyo wa Asekon ukadunda. Du, du, du.

"Mama, labda vile vidogo vimeanguka."

"Haya, vitafute. Lakini upesi."

Asekon akapiga magoti. Akalamba kijiwe. Kikateleza. Akalamba kingine. Kikateleza.

Cha tatu kilikuwa kinyesi cha mbuzi. Ptu! Ptu! Ptu!

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Asekon hakucheka. Alifuta ulimi, akaendelea.
Jiwe huteleza. Mfupa hunata.

Piii! Piii!

Akalamba kijiwe chembamba. Nap!
Akalamba kilichokuwa kando yake. Nap!

Mama akaviweka pembeni mwa kile kikubwa. Kimoja huku, kimoja kule. Vikakaa sawasawa.

Mama akahesabu. Kimoja. Viwili. Vitatu. Akahesabu tena.

"Asekon, nilikosea. Huyu si punda milia. Umempata farasi wa kale."

Asekon alifurahi mpaka miguu ikakataa kutulia. Aliruka, akaruka, akaruka tena.

Mama akafunga mifupa kwa pamba, akaitia sandukuni. Akaandika juu yake: Farasi wa vidole vitatu. Ameonwa na Asekon.

Asekon naye akainama. Akabonyeza mchanga kwa vidole vitatu. Akasogea, akabonyeza tena. Alama, alama, alama, mpaka mlangoni mwa gari.

Ekidor akatazama chini. "Nani kapita hapa?"

"Farasi wangu," akasema Asekon, akapanda garini.