Tambara Nyuma ya Pipa

Kila asubuhi, kabla hajaenda shule, Kinda aliosha gari la kituo cha afya. Alichota maji kwenye pipa lililokuwa pembeni mwa nyumba, maji baridi ya kuuma vidole. Alianza na vioo, akaja kwenye milango, na mwisho akazunguka nyuma. Hapo nyuma ndipo alipokawia. Alisugua bamba, akasugua taa, akapitisha tambara mpaka ndani ya mdomo wa bomba la moshi. Kisha alilikunja tambara lile, upande mweusi ukiwa ndani, akalificha nyuma ya pipa na kwenda kuvaa sare.

Jina la Kinda alipewa na baba yake tangu utotoni, na ni baba peke yake aliyemwita hivyo huku milimani. Baba alikuwa dereva wa gari hilo. Walihamishwa kutoka bondeni mwanzoni mwa muhula, wao wawili pamoja na gari lao, ila mama alibaki kumuuguza bibi. Baba aliondoka alfajiri kupeleka wauguzi na dawa katika zahanati za juu, akarudi giza likianza kuingia. Baada ya shule Kinda hakuwa na mtu. Alipika, akala, akaosha sahani moja, akaketi mlangoni kusikiliza mlio wa injini. Aliutambua mlio ule ungali mbali, kama mtu anavyotambua kikohozi cha mzazi wake. Nyakati nyingine, alipokuwa akiosha gari, alilisimulia mambo ya shuleni, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumsimulia.

Na mambo ya shuleni hayakuwa mazuri. Wanafunzi wengi walikaa kandokando ya barabara ya mlimani. Gari lilipowapita kwenye kona kali, likiwa na mzigo, lilitema wingu jeusi lililotua kwenye mashati yao meupe. Haikupita wiki wakampa Kinda jina jipya: Masizi.

"Masizi, sogea huko, utanipaka," aliambiwa na msichana mmoja ambaye kwao palikuwa pale pale penye kona. Darasa zima lilimwita Redio, kwa kuwa hakuzimika. "Mama amenifulia shati hili jana, na leo tena. Mwambie baba yako kama anapika, apikie nyumbani, asipikie barabarani."

Darasa liliangua kicheko. Kinda alisogea. Alisogea mpaka mwisho wa benchi, kesho yake akahamia benchi la dirishani, na huko akabaki peke yake na kitabu chake.

Hakumwambia baba neno. Alijiambia kwamba gari likishinda safi, watu wataacha kuona masizi, na wakiacha kuyaona, jina nalo litasahaulika. Baba mwenyewe hakuwa na habari. Alipanda mlima katika ukungu, macho yote yakiwa kwenye kona za mbele, na kila alipotoka nje asubuhi alilikuta gari linang'aa.

"Umeniharibia sifa, Kinda," alimtania. "Wauguzi wanasema gari ni safi kuliko dereva."

Jumamosi moja, Kinda akiwa ndiyo kwanza amemaliza kuosha, alimwona Daktari, mkuu wa kituo, akija uani. Alifuatana na fundi wa karakana iliyokuwa chini kabisa, penye barabara kuu. Watu walimwita fundi huyo Kimya, kwa utani, maana ulimi wake haukupata kupumzika. Baba alitoka ndani akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Gari lililotangulia lilimaliza wiki kwa tangi moja," alisema Daktari. "Hili linakauka Alhamisi, na safari ni zile zile. Nataka nijue dizeli inakwenda wapi."

Kimya aliwasha injini, akaisikiliza huku ameinamisha kichwa. Alizunguka nyuma, akachutama, akaingiza kidole katika bomba la moshi. Kidole kilitoka safi.

"Gari linalonyweshwa dizeli kupita kiasi hutema masizi," alisema. "Hili halina hata doa. Nani analiosha? Linang'aa kama bwana harusi."

"Mwanangu huyo," alijibu baba kwa fahari.

"Haya, binti. Hapa nyuma huwa unakuta nini? Masizi meusi, au vumbi tu?"

Wote watatu walimgeukia. Kinda alihisi uso ukimwaka. Akisema masizi, jina lile litatoka darasani na kumfuata mpaka uani, mahali pekee ambapo hakuitwa hivyo.

"Vumbi tu, Fundi," alisema.

"Basi injini haina kosa," alisema Kimya. "Dizeli inatokea mlango mwingine." Kisha akamtazama baba, akatambua alilolisema, na kwa mara ya kwanza akanyamaza kama jina lake.

Daktari hakupandisha sauti. "Dereva, sikuiti mwizi. Lakini Jumatatu ikifika bila jibu, nitamkabidhi mtu mwingine funguo, na italazimu niwaeleze wakubwa sababu."

Siku ile nzima baba hakutoka. Jioni Kinda alimkuta ameketi kitandani na begi lao la safari miguuni, chai ikiwa imepoa na kufanya utando.

"Huenda tukarudi bondeni," alisema baba. "Utafurahi, utakuwa na mama yako."

Moyo wa Kinda uliruka. Aliuona mlango wa nyumba yao, akamwona mama akipepeta mchele, akawaona rafiki zake waliomwita kwa jina lake. Hakuhitaji kufanya lolote ili ayapate hayo. Alihitaji kukaa kimya tu.

"Na wewe, baba? Utafurahi?"

Baba alilikunja shati lake, akalikunjua, akalikunja tena. "Mimi nimeendesha magari ya wagonjwa tangu hujazaliwa. Sikuwahi kuchukua hata kijiko cha dizeli. Nitarudi nyumbani, lakini nitarudi nikiwa mwizi. Hata mama yako atabaki anajiuliza, ijapokuwa hatasema."

Kinda alitoka nje. Alisimama karibu na pipa kwa muda, mikono kwapani kwa baridi. Kisha aliinama, akachomoa tambara, akaingia nalo ndani na kulitandaza juu ya begi. Lilikuwa jeusi kama chungu kilichozeeka mekoni.

"Si vumbi, baba. Ni masizi. Nayafuta kila siku."

Baba alilishika tambara, akatazama vidole vyake vilivyopakika. "Kwa nini ulimficha Fundi?"

Hapo maneno yakamtoka yote: mashati meupe, benchi la dirishani, jina. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kinda alipomaliza, baba alimvuta akamkalisha kando yake.

"Na mimi nakaa nawe nyumba moja, sijui kwamba mwanangu hana wa kuzungumza naye," alisema polepole. Baadaye akaongeza, "Mimi umeniambia, na nimekuamini. Lakini pale uani hukuulizwa na mimi. Kesho utawaambia wenyewe waliokuuliza."

Kesho yake Kinda alisimama mbele ya Daktari na tambara mikononi. Alimweleza yote. Daktari alilitazama tambara, akamtazama yeye, kisha akaagiza Kimya aitwe.

"Haya ndiyo maneno," alisema Kimya alipofika. "Jana nililijaribu gari limesimama, tumbo tupu. Leo litapanda mlima na mzigo."

Baba alipakia magunia ya mchanga na kushuka mpaka chini. Kimya na Kinda walisubiri penye kona kali, mbele ya nyumba ya kina Redio. Redio alitoka, akasimama mbali kidogo na ndoo yake, akitazama. Mara wakasikia injini ikigugumia. Gari lilijitokeza, likapita, na nyuma yake barabara ikawa nyeusi.

"Simamisha," Kimya alipaza sauti huku akikohoa. "Tumekwisha kuona, usituue."

Walifungua boneti. Kimya alionyesha kwa spana. "Injini hula vitu viwili, dizeli na hewa. Dizeli isipopata hewa ya kutosha haiungui yote, mabaki yake ndiyo haya masizi. Hii hapa ni turbo. Kazi yake ni kama ya mvukuto wa mhunzi, kuisukumia injini hewa. Ndiyo maana gari lenye turbo huvumilia mlima kuliko lisilo nayo. Lakini huku juu hewa ni nyepesi. Na ukipanda kwa gia kubwa injini ikiwa nzito, turbo nayo inazunguka kivivu. Hewa inakuwa haba, dizeli inamiminika vile vile. Dereva anaona gari halina nguvu, anazidi kukanyaga, nalo linazidi kunywa."

Aliinama kwenye pampu ya dizeli, akafuta vumbi kwa kidole. "Na skrubu hii imefunguliwa. Rangi ya kiwandani imebanduka. Nani aliigusa?"

Baba alijishika kichwa. "Ni mimi niliyeomba. Bondeni tulikuwa tukizama mchangani na wagonjwa ndani, fundi wa huko akaifungua ili gari lipate dizeli zaidi kidogo. Kule lilikwenda vizuri, hata nikasahau."

"Kule hewa ni nzito, liliweza. Umehamia mlimani na marekebisho ya bondeni." Kimya alikaza skrubu kidogo, akalijaribu gari, akakaza tena. Alimwagiza baba ashushe gia mapema kabla injini haijalemewa. Gari lilipopita mara ya tatu, halikuwa na haraka kama zamani, lakini moshi wake ulikuwa mwembamba, ukapotelea hewani.

Redio aliweka ndoo chini. "Kumbe ni ugonjwa," alimwambia Kinda. "Mbona hukusema?"

"Niliona aibu."

Redio alifikiri. "Mashati yangu mawili bado yana madoa."

"Nitakuja kukusaidia kuyafua."

"Njoo na sabuni," alisema Redio, akaichukua ndoo na kwenda zake. Hakumwita Masizi, lakini hakumwita jina jingine pia.

Wiki ile tangi lilifika Jumamosi, na dizeli ikabaki. Daktari alikuja mwenyewe uani, akampa baba mkono na kumwomba radhi mbele ya wauguzi. Baba aliupokea mkono huo kwa mikono miwili.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Kinda hakuosha gari peke yake. Baba alikunja suruali, akashika ndoo, akaanzia nyuma. Juu ya pipa lilikuwepo tambara jipya na kipande cha sabuni ambacho Kinda alikitenga kwa ajili ya mashati ya Redio, ingawa hakujua kama atakaribishwa ndani au atafulia mlangoni.

"Njoo utazame," aliita baba. Alipitisha tambara kwenye bomba la moshi, akalifunua. Lilikuwa la kijivu hafifu. Alilianika juu ya uzio, mahali ambapo kila apitaye angeliona.

"Usafi ni kazi njema, Kinda, na sitakukataza," alisema. "Lakini ukikuta doa usilolijua, usikimbilie kulifuta. Kwanza mwonyeshe mtu mzima, muulizane limetoka wapi. Doa ulilolificha lilikuwa ndilo shahidi wangu. Na upweke nao usiufute peke yako. Uniletee niuone."

Kinda aliitikia kwa kichwa. Kisha alichukua sabuni yake, akaanza kuteremka kuelekea kwenye kona.