Wanja wa Mihrabu

Mshaanza! Chai hamjaimaliza, mnataka vya kutisha. Kisha mtu asije kuniamsha nimsindikize chooni. Haya, kaeni.

Masouda, jirani yetu wa Darsait, alikuwa anapepeta mchele mumewe aliporudi kanuna. Marhoon huyo alikimbia Unguja mwaka wa sitini na nne, akavuka bahari kuja huku na kamera yake tu. Sasa Mzungu mmoja kampa kazi ya kupiga picha nakshi za misikiti mikongwe. Lakini mihrabu ya msikiti mmoja, pale anaposimama imamu, ilinakshiwa maua ya chokaa juu ya chokaa. Kila picha ilitoka nyeupe tupu.

"Bi Bakhita anayefagia msikiti kanambia ningoje jua liingie lenyewe kwa ubavu, ndo maua yaonekane. Kanionya nisiutie mkono ukuta."

"Basi ngoja, mume wangu."

"Nkingoja, tutakula nakshi?"

Akachukua kichupa cha wanja cha Masouda, akaenda akayapaka maua yale kama anampamba biarusi. Picha zikatoka mashaallah, mpaka jani la mwisho. Mzungu akacheka meno nje.

Kesho yake Marhoon akarudi na kitambaa apanguse. Ukuta mweupe. Hakuna aliyeupangusa.

Wiki ile alipiga picha harusi ya Nasriya, binti wa mtaani. Masouda alimsaidia kuzitundika zikauke. Bwana harusi, macho meupe. Biarusi, meupe. Kitoto kilichopakatwa, meupe, laini, kama chokaa.

Masouda akafungua kichupa chake. Kikavu. Kama hakijapata kutiwa wanja.

Akamkokota mumewe mpaka msikitini. Bi Bakhita alikuwa anafagia, wala hakuuweka ufagio.

"Ulipaka, we kichwa maji?"

"Nlipaka, bibi."

Kizee akanong'ona. "Ukuta ushaonja weusi. Sasa unautafuta. Wewe ukuta huo usiutazame tena."

Marhoon alikuwa keshaugeukia.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, taratibu:

"Masouda, nani kafunga mlango?"

Mlango ulikuwa wazi. Jua limejaa tele.

Masouda akamtazama usoni. Macho meupe, kama ya kwenye picha. Akamshika mkono. Alimshika hivyo mpaka nyumbani, na hakumwachia mpaka siku walipomzika.

Macho yale ndiyo aliyolipa. Na kwenye mihrabu maua mawili, usawa wa uso wa mtu, yakageuka meusi. Wameyapaka chokaa mara ngapi, weusi unarudi. Siku moja Masouda aliyagusa, kidole kikatoka majimaji. Akakilamba.

Chumvi.