Blaindi za Mama Candida

Mambo yenyewe yalianza na kitu cha kijinga: vipande viwili vya blaindi vimepinda. Basi. Vya katikati, vinavyolingana na uso wa mtu, vimeachana kidogo kama vile mtu kaingiza vidole achungulie nje. Matilda akavinyoosha, akaenda zake dukani. Kesho yake vimepinda tena. Akavinyoosha huku anasonya, maana Matilda alikuwa kachoka, jamani, kachoka mpaka kivuli chake kilikuwa kinabaki nyuma kinapumzika. Siku nyingine ndo akasimama na mswaki mdomoni, akajiuliza: sasa humu ndani nani anachungulia?

Maana mchana kutwa humo alikuwa anabaki mtu mmoja tu, mama yake, Candida, na mama alikuwa haoni.

Kaletwa kutoka Rombo kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Moja limeshafanyiwa operesheni, limefunikwa, daktari kasema lisipigwe na mwanga mkali. La pili bado lina ukungu, watu anawaona kama nguo zilizoanikwa kambani.

Na nyumba ya Matilda ipo Mchafukoge, ghorofa ya tatu, jengo la zamani, dirisha la sebuleni kubwa unaweza kupitisha kabati. Zamani dirisha hilo lilikuwa linaingiza jua la kuanikia mchele. Halafu wakaja watu wakanyanyua ghorofa jingine mbele yake, karibu hivyo, ukipiga chafya wenzio wanakwambia pole. Pazia la neti lililokuwepo likawa halina kazi. Mama anabadilishwa kanga, jengo zima la mbele linahudhuria! Mama yake mzazi! Matilda akaona aibu, akakimbia Kariakoo, akachukua blaindi za kwanza alizoziona, za plastiki, za kijivu, nzito, hata hakuuliza. Zikafungwa. Watu wa mbele wakakosa sinema. Na mwanga nao ukafa.

Ikawa hivi. Asubuhi, kabla ya kwenda dukani kwake anakouza ndoo na mabeseni ya jumla, anazifunga zote. Mama anabaki gizani na rozari yake na redio. Jioni jua linazama, watu wa mbele wameshafunga ofisi wakarudi makwao, Matilda anaingia, anavuta kamba, anafungua blaindi na dirisha, hewa ipite, halafu anajitupa kwenye kochi na viatu vyake. Hata taa hawashi. Kunyanyuka mpaka kwenye swichi kwake ilikuwa safari ya Moshi.

Jirani wa mlango wa pili, Kusum, mama wa Kihindi ambaye jengo zima linamwita Mama Utsav, alikuwa kila jioni anatoka kuwasha kitaa chake cha mafuta mlangoni. Anaingiza kichwa.

"We Matilda! Saa hizi nyumba inakaa giza? Washa taa, mwanangu, hata ya chooni."

"Nitawasha, Mama Utsav."

"Lini? Ukishazikwa?"

Na kicheko chake cha kukwaruza, huyo kaingia kwake. Matilda hakuwasha.

Basi jioni moja anamvua mama kitambaa cha kichwa, mama anatabasamu.

"Leo umenisuka vizuri. Mikono yako imekuwa laini, huvuti kama unang'oa magugu."

"Nimekusuka lini, mama?"

"Si mchana, uliporudi."

Mchana Matilda alikuwa Kariakoo kwenye kona ya kuingilia uchochoro wa duka lake, mzigo umeshushwa juani, anagombana na wapagazi. Akamwangalia mama kichwani. Mistari midogo midogo, imenyooka, kama ya binti wa komunyo ya kwanza. Na Matilda, mwenzangu, kusuka hajui, hata mkeka hajui.

"Alikuja Mama Utsav?" akauliza, sauti imeshuka.

"Sauti ya Mama Utsav siijui? Ulikuwa wewe. Nikakuuliza kama ninavyokuuliza kila siku, umechoka, mwanangu? Ukasema hujachoka. Nikafurahi, maana jibu hilo sijalisikia tangu nije Bongo."

Pale dirishani kamba ya blaindi ikagonga ukuta. Tik. Tik. Upepo hakuna. Na harufu ikapita, harufu ya jivu la moto likimwagiwa maji. Matilda akajiambia ni majirani wanapika. Mtu aliyechoka hana nguvu ya kuogopa, anatafuta jibu la karibu alale.

Lakini kuanzia hapo mama akawa hali chakula. Ukimpa ugali anasema kashiba, mchana umeshamlisha. Amelishwa nini, na sufuria Matilda kaiacha imefunikwa, ndizi hazijaguswa? Kashiba, na mwili unaisha. Mikono ikawa kama vijiti vya mshikaki. Ukimgusa usoni baridi, na anacheka, anasimulia jinsi mwanawe siku hizi anavyokaa naye, anavyomshika mkono, anavyomwambia asirudi Rombo kamwe. Matilda anasikiliza, na moyoni, Mungu anajua, kabla ya woga kilitangulia kijicho.

Akasema ni giza. Giza linamchanganya mzee. Abadilishe blaindi.

Akaenda Kariakoo kwa Bi Shamsa, yule mama mnene wa mapazia. Mtaa mzima unajua mbele anauza mapazia na nyuma ya mapazia anatibu watu, na wateja wengine wanatoka na vyote viwili.

"Shikamoo, Bi Shamsa."

"Marahaba, Mchaga wangu. Umekuja kununua au kulala? Macho hayo!"

"Nataka blaindi zinazoingiza mwanga, lakini watu wasituone."

"Eee! Mjini hapa nani hataki hiyo? Kila mtu anataka aone asionekane!" Akacheka mpaka futikamba ya kupimia vitambaa ikamdondoka shingoni. Halafu akaanza maswali ya kazi yake. "Dirisha linatazama wapi?"

"Linatazama ghorofa. Jua linapenya mchana tu, likiwa utosini."

"Unazifungua saa ngapi?"

"Nikirudi. Jua likizama."

"Na taa?"

"Siwashi, nakuwa nimelala kidogo."

"Unazifunga saa ngapi?"

"Asubuhi, nikitoka. Mama anabaki."

Bi Shamsa hakucheka tena. Akavuta pazia la mlangoni, wateja wasisikie, akanong'ona.

"Yaani magharibi, saa ambayo sisi hata kuku tunaingiza ndani, wewe ndo unafungua dirisha, nyumba giza, umelala. Halafu asubuhi unafunga. Mwanangu, unamkaribisha nani jioni, na asubuhi unamfungia na nani?"

"Bi Shamsa, sisi Wakatoliki hayo ya magharibi hatunayo."

"Ninyi hamnayo. Huyo mgeni wako anayo."

Matilda akamsimulia yote: mama kusukwa, kulishwa, kushikwa mkono na Matilda mwingine.

"Nenda sasa hivi, jua lipo juu," Bi Shamsa akasema. "Blaindi zote zinyanyuliwe. Ila usivute wewe, wala mimi. Aliyempa mkono ni mama yako, na mama yako ndo avute kamba. Nakuja nyuma yako na chetezo. Nenda!"

Matilda akapanda zile ngazi mbio, akaweka ufunguo, ufunguo ukazunguka, mlango ukakataa, maana ndani limewekwa komeo, komeo lile zito la juu ambalo mama kwa ufupi wake halifikii, na akiwa bado ameushika mpini akasikia ndani mtu anaongea polepole, sauti ya mtu aliyelala vizuri, aliyekula vizuri, asiyedaiwa na yeyote, na sauti hiyo ilikuwa ya kwake yeye mwenyewe, Matilda, na ilikuwa inamwimbia mama yake.

Akagonga. Wimbo ukakatika.

"Nani?" Mama akauliza.

"Mimi, mama. Matilda."

"Matilda yupo hapa."

"Usimfungulie, mama," ile sauti ikasema, tulivu, karibu kabisa na mlango, kama vile mdomo umeegemea mbao. "Mjini hapa wanaiga sauti za watu. Kaa na mimi."

Nyuma yake Mama Utsav alikuwa ametoka, kashika mdomo kwa mikono yote miwili, kasikia Matilda wawili. Na ile harufu ya jivu bichi ikawa inatoka chini ya mlango, na kule ndani blaindi zikaanza kutetemeka, kwanza kipande kimoja kimoja, halafu zote, trrrrr, kama meno ya mtu mwenye homa, na Matilda akawa anapiga mlango kwa viganja, anaita mama, mama, mama, na kila akiita kule ndani kunaitwa vilevile, kwa upole zaidi, kwa mapenzi zaidi, mpaka akahisi mwenyewe kwamba yule wa ndani ndo mtoto mzuri, na yeye wa nje ni mgeni tu anayepiga kelele.

"Nyamazeni wote wawili!" Mama akasema. "Wewe wa nje. Umechoka?"

Matilda akafungua mdomo aseme hapana. Si ndo mtoto mwema anavyosema? Lakini neno likakataa kutoka, likatoka jingine.

"Nimechoka, mama. Nimechoka na duka, nimechoka na hizi ngazi, nimechoka kuamka. Nimechoka mpaka na wewe, Mungu anisamehe." Akateleza chini na mlango, akaketi sakafuni, analia kama mtoto.

"Huyo ndo wangu," mama akasema.

"Mama, usi..."

"Wewe nyamaza. Umenisuka, asante. Nenda."

Matilda akasikia miguu ya mama inaburuta kwenda dirishani, ikasimama, ikapigwa kikumbo na kitu, ikaendelea. Kamba ikavutwa. Krrrr! Mwanga ukamwagika mpaka chini ya mlango, na humo ndani kitu kikapasuka, kama jora la kitambaa linachanwa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Komeo likaanguka lenyewe.

Mama alikuwa amesimama katikati ya jua, kitambaa cha jicho kimetoka, machozi yanamchuruzika, anamwangalia mwanawe.

"Umekonda hivyo?" akasema. "Mbona hukuniambia?"

Ndo Bi Shamsa akafika, chetezo mkononi, anahema kama treni. "Majini siyaogopi! Ngazi! Ngazi ndo zitaniua!" Akafukiza ubani kila kona, akasoma vyake, Mama Utsav akaleta kitaa chake hapo mchana kweupe, na mama akasema Salamu Maria, kila mtu kwa lugha ya kwao. Zile za kijivu zikang'olewa. Bi Shamsa akafunga nyingine, nyeupe, zinazofunika dirisha kutoka chini mpaka kifuani mwa mtu, juu kumeachwa wazi. Jua linaingia, watu wa mbele wanaambulia dari. Magharibi Mama Utsav mwenyewe anakuja kufunga dirisha na kuwasha taa. Mama akaanza kula, akanenepa, jicho likapona. Akasema hatakaa Dar, anarudi kwenye migomba yake. Matilda akampeleka stendi, wakakumbatiana muda mrefu.

Asubuhi iliyofuata Matilda akaenda dukani. Ni duka la chini, la uchochoroni, lisilofikiwa na jua, na ufunguo wake anao yeye peke yake. Akakuta mlango uko wazi.

Sakafu imedekiwa, bado mbichi. Mabeseni yamepangwa kwa rangi. Mzigo wa jana, uliokuwa unaungoja mgongo wake, umeshafunguliwa wote. Kiti chake kimevutwa pembeni, kimefutwa vumbi.

Akatoa simu. Jina la Bi Shamsa likatokea kwenye kioo, kidole kikakaa juu yake.

Miguu ilikuwa inawaka. Usiku hakulala. Na siku yenyewe ndo kwanza inaanza.

Akarudisha simu kwenye mkoba, akaketi, akafumba macho. Huko nyuma, gizani, ndoo zikaanza kuingizwa moja ndani ya nyingine, taratibu, na mtu asiyechoka.