Kwaresima ya Redio

Foleni ya majivu saa saba mchana ilikuwa imefika hadi barazani. Watu walitoka makazini hivyo hivyo walivyo: makarani na vitambulisho shingoni, mafundi na ovaroli, wauguzi na viatu vyao vyeupe. Katikati yao alisimama msusi mmoja, aproni ya zambarau ingali kiunoni, vidole vikinukia mafuta. Saluni alikuwa amemwacha mteja na nusu kichwa, kwa ahadi ya kurudi baada ya dakika kumi, ahadi ambayo hata yeye hakuiamini.

Mwanamume aliyekuwa mbele yake akavua kofia. Msusi alipokiona kisogo kile, na kikovu kidogo nyuma ya sikio la kushoto, moyo ukamlipuka. Vichwa vya watu ndiyo kazi yake. Hiki angekitambua hata kwa kupapasa.

Alikuwa dereva, aliyekuwa mchumba wake hadi mwaka jana, kabla msusi hajamharibia kazi kwa mdomo wake mwenyewe.

Tuseme kweli, msusi hakuwa mtu mbaya. Saluni nzima walimwita Redio, naye jina hilo alilipenda. Na kosa lenyewe alilifanya akiwa amepiga magoti. Dereva alimwambia, wakiwa wawili tu, kwamba zamani alikuwa mlevi wa kulala mitaroni. Kwamba sasa ana miaka sita hajagusa pombe, ila ipo siku koo humkumbusha. Msusi alimwonea huruma mpaka chakula hakikushuka. Jumatano iliyofuata, kwenye ibada ya maombi, kipaza sauti kilipomfikia, akaomba kwa machozi: "Bwana, mshike mkono mchumba wangu, ulevi usimrudie!" Watu themanini wakaitikia amina. Baadhi yao walikuwa wazazi wa watoto ambao dereva aliwabeba kila asubuhi kwenye basi la shule. Ijumaa hiyo hiyo dereva alinyang'anywa funguo za basi, akapewa lori la kubebea madawati. Hakugomba. Alimwambia tu, "Umeniombea kwa kipaza sauti," akaenda zake.

Walipotoka nje, kila mmoja na majivu yake usoni, dereva ndiye aliyeanza.

"Redio. Bado upo hewani?"

"Nimezimwa. Kwaresima hii nimefunga kusema habari za watu."

"Wewe? Siku arobaini?" Dereva akacheka bila kutaka. "Si ungefunga chakula tu, bibie, upate nafuu?"

"Nisamehe," msusi akasema. Mwaka mzima alikuwa amepanga maneno mengi, likabaki hilo moja.

Dereva akaizungusha kofia mkononi. "Kusamehe nilishakusamehe. Hasira zangu niliziungama tangu Krismasi. Ila kukuamini ndiko kulikonigomea. Nikikuona, ulimi unajifunga wenyewe."

"Basi nipigie simu tu. Usiniambie kitu. Tuongee habari za mvua."

Akapiga Jumapili ya kwanza, wakaongea habari za mvua. Jumapili ya pili wakaongea habari za lori, linavyokohoa kwenye mlima. Wiki ya tatu hakungoja Jumapili. "Redio wangu, umekula?" aliuliza Jumanne, na msusi akalala na tabasamu usoni. Saluni nako wateja walilalamika kwamba siku hizi mtu anasukwa anatoka hana hata habari moja ya kupeleka nyumbani.

Ijumaa moja jioni msusi akapiga yeye. Akasikia muziki na glasi zikigongana.

"Uko wapi?"

"Baa."

Akauma mdomo.

"Mbona huulizi?"

"Ukitaka kuniambia, utaniambia, mpenzi."

Muziki ukapungua, dereva alikuwa ametoka nje. "Nimekuja kumtoa mwalimu wa kwaya. Anajaribu kuacha pombe, na Ijumaa ndiyo inayomshinda. Mkewe amechoka na ahadi zake, kwa hiyo safari hii ameniapisha nisiseme. Anataka afike Pasaka, ndipo amwambie mwenyewe. Nimekwambia wewe peke yako."

"Nimesikia," msusi akasema. Simu ilipokatika aliketi kitandani, kiganja mdomoni. Aliogopa mdomo wake kuliko alivyowahi kuogopa kitu.

Wiki iliyofuata mke wa mwalimu wa kwaya akaja kusuka. Saluni ilikuwa imejaa.

"Yule bwana wako wa zamani," akaanza, "ndiye anayenimalizia mume. Ijumaa nimewaona kwa macho yangu wakitoka baa, wameshikana mabega. Mlevi haachi! Na wewe mwenyewe ndiye uliyetutangazia."

Mtu akazima mashine ya kukaushia nywele ili asikose neno.

Jibu lilikuwa limefika kwenye meno: huyo ndiye anayemwokoa mumeo. Sentensi moja tu, na dereva angesafishwa mbele ya watu wote. Isitoshe, ulikuwa ukweli, na angeusema kwa upendo. Lakini hata mwaka jana ulikuwa ukweli, na hata mwaka jana ulikuwa upendo.

"Mimi namwamini," akasema. "Inamisha kichwa, mama."

"Unamwamini? Basi fumua! Sisukwi na mtetezi wa walevi."

Akafumua, mstari kwa mstari, machozi yakimdondokea mikononi, na hakuna aliyemtetea. Jioni alipiga magoti nyumbani akamwambia Mungu yote, bila kipaza sauti. Dereva alipopiga simu waliongea habari za mvua.

Jumamosi Kuu vichwa vilikuwa vingi kama kawaida. Mke wa mwalimu wa kwaya akaingia, kitambaa kichwani, akasimama karibu na mlango.

"Alhamisi, tulipotoka kwenye misa ya kuoshwa miguu, mume wangu alishindwa kungoja Pasaka. Aliniambia yote." "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Nilikutukana mbele za watu. Mbona hukunijibu?"

"Halikuwa langu kusema."

Yule mama akamkumbatia, aproni na kila kitu. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Yameisha, dada. Keti nikusuke."

Alikuwa hajamaliza mstari wa tano dereva alipoingia, shati jeupe limepigwa pasi, kofia kwapani.

"Nimeambiwa ulifumua kichwa kizima kwa ajili yangu. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuwa najisifu."

Dereva akaishika kofia kwa mikono miwili. "Basi la shule hawajanirudishia, na huenda wasinirudishie. Siku nyingine bado inaniuma."

"Najua."

"Ila ulimi umefunguka." Akamwinamia sikioni, ananukia sabuni na jua. "Natoka kwa paroko. Safari hii nataka nitajwe kwa kipaza sauti, tena pamoja na wewe. Ndoa yetu itangazwe Jumapili tatu mfululizo, na mwenye pingamizi aseme. Unakubali?"

Kitana kikamponyoka msusi. Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kisha mara nyingi. Dereva akavaa kofia yake, akatoka anacheka peke yake.

"Redio!" wanawake wakapiga kelele. "Amekwambia nini?"

Msusi akaokota kitana, akafuta macho kwa aproni.

"Inamisha kichwa, dada," akasema. "Mtasikia kanisani."