Njia ya Mjomba Anselmo

Kigari kililalia upande baada ya wote kukaa. Rosenda alikuwa ameshapakata mkoba wake kwenye benchi la nyuma, mumewe Teodulo yuko mkabala naye, dereva ameshika usukani, na hakuna mwingine aliyekuwa akipanda. Hata hivyo springi zililia, sakafu ikainama upande wa mlangoni, kama inavyoinama mtu mzito anapokanyaga ngazi. Rosenda alidhani ni shimo la barabara. Kisha akakumbuka kwamba gari lilikuwa bado halijaondoka.

Walikuwa wametoka makaburini Larena kumzika Anselmo, mjomba wa Teodulo, aliyeendesha gari la abiria kuzunguka kisiwa cha Siquijor tangu ujana wake hadi kifua kilipomshinda. Ng'ambo ya maji, Dumaguete, binti yao Lorna alikuwa amebaki nyumbani na kitoto chake kichanga ambacho hakijabatizwa. Ndiyo maana hawakukimbilia feri. Mtu aliyetoka msibani harudi kwake moja kwa moja. Hupitia kwanza sokoni, mgahawani, popote penye watu, ili marehemu aliyemfuata apotelee humo. Na maiti akimtazama mtoto asiyebatizwa, wazee husema, humpenda hata akataka kwenda naye.

Rosenda hakuridhika na kupitia mahali pamoja. Alitaka wazunguke kisiwa kizima, mji kwa mji, na feri ya alasiri waikute mji wa Siquijor, mwisho wa mzunguko.

"Baba Lorna, leo na sisi watalii," alisema, akijaribu kutabasamu. "Miaka yote tunavuka kuja kuzika na kubatiza tu, hata kisiwa chenyewe hatukijui."

Teodulo aligeuzageuza kofia yake magotini. Mjomba huyo ndiye aliyemlea. Tangu mjukuu azaliwe, mzee alikuwa akipiga simu kuomba aletewe amwone, na kila mara Teodulo alimwambia wiki ijayo. Mzee mwenyewe asingeweza kuwafuata. Barabarani hakuogopa kitu, lakini bahari aliiogopa, na hakuwahi kupanda feri maishani mwake.

Katika mji wa Enrique Villanueva walikunywa kahawa kibandani, wakacheka kidogo na mwenye kibanda. Walipofika mji wa Maria waliteremka kutazama kanisa, na Rosenda, akiwa wa mwisho kushuka, aliligeukia gari kwa sababu asiyoijua. Wilmar, dereva, alikuwa keshashuka na kuwasha sigara. Gari tupu likainuka. Likainuka taratibu, springi zikikwaruza, kama linalotua mzigo.

Waliporudi, benchi la Teodulo lilikuwa na joto upande ambao hakukalia, na palinuka dizeli iliyochanganyika na mafuta ya nywele, yale ya kikopo ambayo vijana hawapaki tena. Gari la Wilmar lilikuwa la petroli.

"Unasikia harufu?" alimnong'oneza mumewe.

"Nasikia," alisema Teodulo, akatazama nje.

Mji uliofuata, Lazi, walipanda kwenye nyumba kuukuu ya mapadri, yenye sakafu za mbao pana zilizosuguliwa na nyayo za watu waliokufa zamani, na hapo, katikati ya mchana, jua likiingia kwa kila dirisha na watalii wakipiga picha chini uani, Rosenda alisikia mbao nyuma yao zikilia kila walipopiga hatua na kunyamaza kila waliposimama, akasema moyoni ni mwangwi, akaharakisha, nazo zikaharakisha, akamshika mumewe mkono wakateremka karibu kwa kukimbia hadi garini, na kabla Wilmar hajawasha gari, mlango ukagongwa mara mbili kwa kitu kigumu, chuma juu ya chuma, kama Anselmo alivyokuwa akiugonga kwa pete yake ya ndoa kuwaambia abiria wa mji ule kwamba sasa tunaondoka.

Wilmar alicheka. "Mnanitania. Huo ni mtindo wa mzee Anselmo. Mimi kanifundisha gari yule, nikikata kona vibaya ananizaba kofi la kisogo." Kisha akaziona nyuso zao kwenye kioo, na nguo zao za msiba. Akauliza walikuwa wanatoka mazishi ya nani.

Walipomwambia, aliizima sigara yake ikiwa haijafika nusu.

"Mama, mngenambia tangu Larena," alisema polepole. "Huwezi kumpotezea mtu njia kwa kumpitisha njia yake."

San Juan hawakusimama. Wilmar alikata kushoto na kulia kwenye vilima mpaka San Antonio, kwa Bi Pasing, mganga, ambaye alikuwa anamenya mihogo barazani na hakuonekana kushangaa. Alitia jiwe jeusi kwenye glasi ya maji safi, akachukua mrija wa mwanzi, akapuliza ndani ya glasi huku akiizungusha mwilini mwa Rosenda. Maji yalibaki maangavu. Kwa Teodulo yalichafuka kama maji ya mtaro. Akayamwaga, akaweka mengine. Yakachafuka tena, na dizeli ikanuka baraza nzima.

Bi Pasing aliwaeleza bila ukali kwamba mzee hakuwa na ubaya. Alitaka kufika tu. Lakini maiti hajui mkono wake una uzito gani. Teodulo ndiye aliyemwalika kwa ahadi zake, na Teodulo peke yake ndiye angeweza kumkatalia: gatini, kabla ya kupanda, amgeukie amwambie gari haliendi zaidi ya hapa.

"Na usimhurumie," alisema Bi Pasing. "Ukimhurumia, atasikia huruma, hatasikia maneno."

Gatini Rosenda alitangulia, kama alivyoagizwa, bila kutazama nyuma. Alipofika mlango wa feri ndipo alipogeuka. Mumewe alikuwa amesimama ukingoni, kofia mkononi, midomo ikitembea. Alikawia. Honi ya feri ikalia, akaja akifuta macho.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Njia nzima harufu haikuwapo. Meli kubwa haiinami kwa mtu mmoja, na Rosenda alijitahidi asifikirie hilo. Dumaguete walisimama tena mgahawani, wakala maandazi wasiyoyataka, ndipo wakaenda nyumbani.

Lorna alikuwa jikoni anapika wali. Mtoto alikuwa sebuleni kwenye susu lake la kitambaa, lililoning'inia darini kwa springi nene ya chuma, ile ambayo mama huivuta mara moja ikambembeleza mtoto yenyewe. Rosenda alinawa mikono, akamsogelea. Mtoto alikuwa macho, ametulia, akitazama juu kidogo ya bega la bibi yake, na akacheka.

Springi ikashuka. Ikashuka taratibu, kama mtu anayekaa kwa uangalifu asimwamshe aliyelala, na dizeli ikajaa chumbani.

Rosenda alimgeukia mumewe. Teodulo alikuwa mlangoni, kofia bado mkononi, wala hakushtuka.

"Nilimwambia amtazame mara moja tu," alisema. "Mara moja, kisha arudi."

Rosenda alimpakata mtoto haraka kifuani. Susu lilibaki tupu, limelala vilevile karibu na sakafu. Alisimama pale, hapumui, akingoja springi ipande.