Sufuria ya Mama Odera

Waiyego alikuwa na wivu, na aliyemwonea wivu alikuwa mtoto wa watu. Mtoto mwenyewe aliitwa Odera.

Odera na Janice, binti wa Waiyego, walizaliwa msimu mmoja wa mvua. Sasa walikuwa wamefikisha miaka miwili. Waliishi ploti moja ya vyumba vya kupanga huko Kiplombe, mlango ukitazamana na mlango. Odera alikuwa na mashavu. Alishinda akifukuza kuku wa mwenye ploti. Janice alikaa mlangoni akimtazama. Nywele zake zilikuwa chache na nyekundunyekundu, na alilialia bila sababu.

Asubuhi Waiyego alipika chai kwenye meko, yaani mtungi mdogo wa gesi. Walinywa na mkate. Mchana walikula ugali na mboga ya sukuma. Siku ambayo mumewe Gikonyo alipata kazi nzuri gereji, alileta nyama kidogo jioni. Nyama ilikuwa ya Gikonyo. Janice alipewa supu.

"Nguvu yote iko kwa supu," Waiyego alipenda kusema. Mama yake pia alisema hivyo.

Maharagwe alikuwa ameyaacha zamani. Hakuwa na chumba cha kupikia, ila chumba kimoja cha kulala na kukaa. Mwenye ploti alikataza makaa ndani, na alikuwa na haki, maana hewa ya makaa huua watu wakiwa wamelala. Na kwenye gesi, maharagwe yalimaliza mtungi.

Kisha kukawa na siku ya kliniki. Muuguzi alimpima Janice, akamrudisha kwenye mizani, akampima tena.

"Mama, uzito umekwama," alisema. "Mwezi ujao ukibaki hapa, nitakutuma hospitali kubwa. Huyu mtoto anahitaji chakula cha kujenga mwili."

Aliyefuata alikuwa Odera. Uzito wake ulikuwa umepanda. Aluoch, mama yake, alitabasamu. Waiyego aliliona lile tabasamu likamchoma. Akatangulia nyumbani peke yake.

"Wanakula nyama kila siku," alimwambia Gikonyo. "Na wanaificha. Asubuhi Mama Odera anafunga sufuria na blanketi, anaiweka kwa katoni. Nani hufunga sukuma na blanketi?"

"Si umuulize?"

"Ndio aseme niko na wivu?"

"Kwani huna?"

Faraja ya Waiyego ilikuwa moja tu: jioni nyingi chumba cha Aluoch kilinuka omena. Kwao Waiyego, kule Nyandarua, vile visamaki vilikuwa chakula cha kuku.

Jumamosi Aluoch alikwenda kuanika nguo nyuma ya ploti. Aliacha mlango wazi. Waiyego alitazama huku na huku, akaingia. Alifungua katoni, akafunua blanketi, akatoa kifuniko. Mvuke ukampiga usoni. Akachukua mwiko, akakoroga mpaka chini. Yalikuwa maharagwe matupu.

"Mama Janice, umepoteza nini humo?"

Aluoch alikuwa mlangoni na beseni tupu. Waiyego alitafuta uongo, akaukosa.

"Nilikuwa natafuta nyama," alisema.

Aluoch alikasirika. "Sasa umetoa moto yote. Hiyo maharagwe haitaiva tena, na gesi yangu imeisha. Leta meko yako hapa."

Waiyego aliileta huku aibu ikimla. Sufuria ikawekwa juu. Wakiwa wanangoja itokote, Aluoch alipoa kidogo.

"Mimi naloweka usiku," alisema. "Asubuhi namwaga hayo maji, naweka mengine, nachemsha na moto mkali kama nusu saa. Ikiwa bado inatokota, nafunika vizuri, nafunga na blanketi, naweka kwa katoni. Usifungue. Hiyo joto inaendelea kupika. Jioni nachemsha tena, naangalia kama imeiva kabisa, ndio tunakula."

"Na nyama?"

"Nyama gani? Baba Odera ni soja wa usiku, mlinzi tu. Nyama tunaona Krismasi. Odera anakula maharagwe, ndengu, omena, na yai siku moja moja. Hizo pia zinajenga mwili. Janice anakula nini?"

"Supu."

"Na nyama yenyewe?"

"Ni ya baba yake."

"Supu ni maji imepita kwa nyama, Mama Janice. Anayejengwa ni anayetafuna. Mkatie ndogo ndogo, umpe."

"Lakini omena ni ya kuku."

"Na hao kuku hawakunona?" Aluoch aliuliza. "Toa uchafu, osha na maji moto, kaanga na nyanya. Inaiva haraka kuliko ugali."

Waiyego alianza jioni hiyohiyo. Aliloweka maharagwe. Kesho yake alinunua omena, akazioshea ndani ili majirani wasimwone. Nyama ilipopatikana, aliigawa. Gikonyo alitazama sahani yake, akatazama ya Janice, akala.

Siku ya kliniki ikafika tena. Waiyego alishika ukingo wa meza Janice akipimwa. Muuguzi aliandika, akatabasamu.

"Umepanda, mama. Endelea hivyo hivyo."

Uzito wa Odera nao ulipanda, lakini mwezi huo Janice alikuwa ameongeza zaidi. Aluoch alitazama mizani mara mbili.

"Umempa nini kingine?" aliuliza njiani. Waiyego aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya wivu. Ni vibaya kusema, lakini alifurahi mpaka moyoni. Alitamani kunyamaza.

"Njugu karanga," alisema mwishowe. "Nazikaanga, nazisaga laini kabisa, nakoroga kwa uji."

"Na hukuniambia?"

"Nilitaka amshinde Odera, hata mara moja."

Aluoch alicheka, kisha kicheko kikaisha.

"Najua," alisema. "Kushinda ni tamu. Mimi nilikuwa naona Janice akikonda hapo mlangoni, na nikanyamaza. Usingefungua hiyo sufuria, ningekuwa kimya mpaka leo. Unisamehe."

Waiyego alimshika mkono, wakatembea. Mbele yao Janice alikuwa ameanza kukimbia, na Odera alikuwa nyuma yake, akilia angojewe.